Nitapita Likoni, Mashariki ya Kivuko

Kusi ikishika, ndege kubwa zinazokuja Mombasa hushuka kutoka kaskazini-mashariki. Hupita juu ya bara ya Kisauni, mgongoni mwa Bamburi, huvuka hori ya Tudor na kugusa lami Changamwe zikiwa zimeelekea Port Reitz. Kaskazi ikirudi mambo hugeuka: sasa zinatokea upande wa Kwale, zinateremka juu ya Matuga na kuvuka maji ya Port Reitz kabla ya kutua. Njia ya kurukia ni ile ile, yenye zaidi ya mita 3,300, nayo ina namba mbili, 21 na 03, kwa kufuata nyuzi za dira ambazo kila upande unaelekea: 210 na 30. Marubani wa leo wana mitambo ya kila namna, lakini pepo zilizopanga safari za majahazi ndizo ambazo bado zinaamua ndege itaikanyaga lami kwa upande upi.

Baina ya hizo kubwa kuna ndogo. Kuna Cessna Caravan ya injini moja inayopeleka watalii Ukunda au Maasai Mara. Kuna ndege ya watu wanne iliyotoka Wilson, Nairobi, kwa mapumziko ya wikendi, na kuna helikopta. Nyingi kati ya hizi huruka kwa macho, yaani rubani haongozwi na mstari uliochorwa na mitambo bali na anachokiona mwenyewe: ufuo, reli, kilima, hori. Kanuni za kimataifa humtaka, akiwa chini chini, aweze kuona angalau kilomita 5 mbele yake, na asijiingize mawinguni. Njia anaichagua yeye. Kuwaona wenzake na kuwakwepa pia ni juu yake. Mwongozaji aliyeko mnarani hana namna ya kujua kilichomo kichwani mwa rubani huyo mpaka aambiwe.

Kuambiana huko ndiko ninakokustahi. Ni maneno ya sekunde chache, hayana mapambo, na asiyeyazoea akiyasikia atadhani ni watu wawili wanaosomeana orodha. Ukikaa nayo ndipo unapogundua kwamba kazi ngumu imo katika kusema mapema: rubani hutangaza nia yake wakati ambapo kumkatalia bado hakumdhuru yeyote.

Mtu wa pwani akikuelekeza nyumbani kwake hakupi namba ya nyumba. Atakwambia shuka penye mbuyu, pita msikiti, ukifika dukani uliza. Rubani anayeruka kwa macho huzungumza na mnara kwa namna hiyo hiyo, ila mbuyu wake sharti uonekane kutoka futi 1,500, na sharti usiwe na pacha.

Hilo la pacha ndilo gumu. Mgeni akisema yuko juu ya hori yenye daraja, bado hajasema kitu. Nyali ina daraja lake lililofunguliwa 1980, Mtwapa ina lake, Kilifi ilipata lake 1991, na zote tatu ukizitazama kutoka juu, jua likikupiga usoni, ni mkanda wa maji ya kijani uliokatwa na mstari. Baina ya Nyali na Kilifi ni mwendo wa kama kilomita 50. Mwongozaji akiamini uko Nyali kumbe uko Mtwapa, ameipangia nafasi ndege ambayo haipo, na ile iliyopo hana habari nayo. Ndiyo maana mzoefu hutaja mahali kwa jina, halafu akaongeza umbali, urefu na upande, ili kosa la kimoja lifichuliwe na vingine.

Na ramani nazo huchelewa. Tuta la Makupa, lililounganisha kisiwa na bara ya Changamwe kwa vizazi, limepisha daraja lililofunguliwa mwaka 2022. Kusini-magharibi, barabara ya Dongo Kundu imeleta madaraja marefu ya Mwache na Mteza mahali ambapo rubani wa zamani alizoea kuona mikoko mitupu. Marubani wazee hupenda vitu visivyobishaniwa: mkondo wa Likoni ambamo vivuko huenda na kurudi mchana kutwa, Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa 1593, machimbo ya saruji ya Bamburi, vilima vya Shimba. Port Reitz yenyewe, ambayo jina lake ndilo uwanja huu uliitwa kabla haujapewa la Rais Moi, ni ukumbusho wa John James Reitz, luteni wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewekwa Mombasa mwaka 1824 na kufariki mwaka huo huo. Hakukaa hata mwaka, na hadi leo marubani wa mataifa yote wanalitamka jina lake.

Sasa tuichukue safari moja ya kawaida tuitazame kwa utulivu. Ni Januari, kaskazi inavuma, njia inayotumika ni 03. Caravan imepaa Ukunda na inakuja Mombasa. Kwa mstari ulionyooka ni chini ya kilomita 30, karibu kaskazini kamili, na mstari huo ungemleta rubani pembeni kabisa mwa njia ambayo ndege kubwa zinateremkia kutoka Kwale. Rubani analijua hilo kabla hajawasha injini. Kwa hiyo haombi kutua tu. Anaita mnara, anajitaja, anangoja aitikiwe, kisha anasema (hewani ni Kiingereza, mimi naleta maana yake): “Nimetoka Ukunda, futi 1,500, nafuata ufuo, nitapita Likoni, mashariki ya kivuko, baada ya dakika sita. Naweza kusubiri hapo.”

Itazame sentensi hiyo. Hajasema anapotaka kufika, kwa sababu hilo limo kwenye mpango wake wa safari na mwongozaji analo mbele yake. Ametumia pumzi yake kusema atakapopitia. Amechagua ufuo, ambako hakuna anayeteremka, ingawa umemrefushia njia. Ametoa dakika, na kwa dakika hizo mwongozaji anaweza kuhesabu kama atafika kabla au baada ya ile kubwa. Mwisho kabisa, pasi na kuulizwa, amempa mwongozaji mahali pa kumweka mambo yakibana. Yale maneno matatu ya mwisho, naweza kusubiri hapo, ndiyo yanayomtofautisha rubani aliyeiva na aliyepata leseni juzi. Mwanafunzi huona kusubiri ni kushindwa. Aliyeiva hukutoa kama zawadi, na mara nyingi, kwa sababu amekutoa, hasubirishwi.

Mnara unajibu: aendelee hadi Likoni, asizidi futi 1,500, asivuke kuelekea magharibi mpaka aambiwe, na kuna Boeing 737 iko maili nane kabla ya kutua njia 03, akiiona aseme. Rubani anarudia masharti yale neno kwa neno, kisha anatazama. Hapa kunapita ukimya ambao mimi huuona kuwa sehemu ya mazungumzo. Ndege nyeupe juu ya ukungu wa chumvi wa Januari si kitu rahisi kukipata. Kuna majibu mawili ya heshima: naiona, au siioni. Jibu la aibu ni moja tu, nalo ni kusema naiona kwa kutaka kumridhisha mtu wa mnarani. Rubani akisema ameiona, mzigo umehama. Mwongozaji atamwambia aifuate, yeye ni namba mbili, ajihadhari na msukosuko wa hewa unaobaki nyuma ya mabawa ya ile kubwa, na kuanzia hapo umbali baina ya ndege hizo mbili unalindwa na macho yake mwenyewe. Kwa kawaida ndege nyepesi inayotua nyuma ya ndege ya kadiri ya 737 huwekewa dakika 3, lakini anayekuja kwa macho huachiwa apime mwenyewe. Hupima kwa kubaki juu ya mstari ambao ile kubwa iliushuka na kutua mbele ya pale ilipogusa, kwa sababu hewa ile iliyovurugika huzama. Njia ndefu kama ya Changamwe humpa nafasi ya kufanya hivyo bila kuhangaika.

Akisema haioni, hakuna anayemlaumu. Atazunguka Likoni mara moja, abiria watapiga picha za vivuko, na 737 itapita.

Kurudia maneno kunaweza kumchosha msikilizaji. Mwongozaji anasema, rubani anasema hayo hayo, na mwongozaji anasikiliza upya kana kwamba hakuyatoa yeye. Lakini hapa ndipo makosa madogo hunaswa. Chukua kipimo cha mgandamizo wa hewa ambacho kila rubani hupewa ili kipima-mwinuko chake kisome sawa. Tuseme ametajiwa 1012 naye akasikia 1021. Kila hektopaskali moja ni karibu futi 30, basi tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi zimemfanya ajione yuko futi 1,500 kumbe yuko kama 1,230. Kwenye bahari tulivu si neno. Kwenye wingu la Aprili karibu na vilima vya Shimba, ni neno. Kwa hiyo namba hutamkwa moja moja, na baadhi zimepotoshwa kwa makusudi: tatu ya Kiingereza husemwa tri, na tisa huongezewa silabi ikawa naina ili isifanane na tano redio inapokwaruza. Alfabeti ya Alfa, Bravo na Charli, iliyoanza kutumika rasmi Machi 1956, ni ya ukoo huo huo.

Kuna neno moja ambalo halitamkwi ovyo kabisa, nalo ni la kupaa. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana katika ukungu juu ya njia ya kurukia, wakafa watu 583. Ya KLM ilikuwa imepewa maelezo ya njia itakayoifuata baada ya kupaa, haikuwa imepewa ruhusa ya kupaa, na neno hilo likiwa limetajwa ndani ya maelezo yale, pande mbili zikaelewa mambo mawili. Tangu hapo mazoea ya dunia yakabadilika: neno la kupaa hutoka mdomoni mwa mwongozaji pale tu anapoitoa ruhusa yenyewe au anapoifuta. Nyakati nyingine zote husemwa kuondoka. Mwongozaji kijana wa Mombasa anayeipa Caravan maelezo ya kuondoka kuelekea Malindi, akalizunguka neno lile kama mtu anayekwepa shimo, analipia deni la alasiri ile ambayo hakuwa amezaliwa.

Mnarani penyewe kazi hupangwa kwa vipande vya karatasi. Kila ndege ina kipande chake: jina lake la redio, aina yake, inakotoka, inakokwenda, urefu, saa. Mwongozaji huviandika na kuvisogeza kadiri ndege zinavyosogea, darubini iko karibu. Rada humsaidia, lakini mwongozaji wa mnara kazi yake ya kwanza ni kutazama nje. Pia kuna taa, ambayo wengi hawaijui. Redio ya ndege ikifa, mnara huielekezea mwanga: kijani kisichokatika, tua, chekundu kisichokatika, wapishe wengine uendelee kuzunguka, chekundu cha kumetameta, uwanja si salama, usitue. Hiyo ni lugha ya zama za awali. Marubani wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, walianza na ndege za Gipsy Moth ambazo rubani wake hakuwa na mtu wa kumjibu akishaondoka chini.

Saa nazo zinahitaji akili yake. Mambo ya angani huandikwa kwa saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa tatu. Rubani wa Mombasa anayeondoka saa tatu asubuhi huandika 0600 kwenye mpango wa safari, simu yake inaonyesha 9:00, na mama yake akimuuliza atamjibu saa tatu. Anaishi ndani ya saa tatu tofauti na haoni ajabu. Sijawahi kusikia mtu akiwasifu watu wa pwani kwa hilo, nami naona ni uzembe wa wenye kusifu.

Ufundi hujitokeza zaidi hali ya hewa inapoharibika. Masika yakiingia, wingu huweza kukaa chini ya futi 1,500, na hapo kuruka kwa macho ndani ya eneo la uwanja hakuruhusiwi kwa kawaida. Ipo ruhusa maalumu. Rubani huiomba, na mwongozaji huipima kwa ndege moja moja, akiangalia nani mwingine yuko angani. Hapo ndipo utasikia swali ambalo kwangu lina adabu kuliko yote katika kazi hii: mwongozaji humuuliza rubani nia yake ni ipi. Hamwambii arudi wala hamwambii aje. Anajua kwamba mtu aliye ndani ya mvua, mwenye mafuta ya kiasi fulani na abiria fulani, anaona kitu ambacho mnara haukioni. Naye rubani mzuri hajibu kwa ushujaa. Anasema Ukunda bado kweupe, anarudi, atajaribu tena baada ya saa moja. Mwongozaji anamjibu amesikia, na sauti yake haibadiliki, kwa sababu akimwonyesha huruma leo, kesho mwingine ataona haya kurudi.

Waongozaji wa Kenya wako chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na shule yao iko Embakasi, Nairobi. Tangu 2008 viwango vya kimataifa vinamtaka kila mmoja wao, na kila rubani anayeruka nje ya nchi yake, awe na Kiingereza cha angalau daraja la 4 kati ya 6. Watu hulalamika kwamba Kiingereza kimeimeza anga yetu. Mimi naona kimeimeza nusu tu. Vitenzi ni vya kwao, lakini njia imejaa Mtwapa, Vipingo, Mazeras na Likoni, na rubani aliyekuja na ndege ya watalii kutoka Ulaya, akisikia Caravan imetajwa kuwa iko Mtwapa, ni yeye anayelazimika kujua Mtwapa iko wapi. Wakishuka chini, rubani kijana akapiga simu mnarani kuuliza kama mchana atapata kupita katikati ya kisiwa, huanza na shikamoo, mzee humwitikia marahaba Kapteni, na mazungumzo ya dakika tano hupatikana ambayo hewani yangekuwa sekunde nane.

Imebaki fomu. Mpango wa safari wa anayeruka kwa macho huandikwa herufi V mahali pa aina ya kanuni, kisha njia, muda wa safari, mafuta yatadumu saa ngapi, watu wangapi wamo, hata rangi ya ndege. Rangi si urembo: ni kwa ajili ya watakaoitafuta. Kwa kanuni, ndege isiyofika wala kusikika ndani ya dakika 30 baada ya saa iliyotazamiwa huanza kuhesabiwa kuwa katika hali ya mashaka, simu zinaanza kupigwa, na hatua zinapanda kutoka hapo. Kwa hiyo mazungumzo hayaishi magurudumu yanapogusa ardhi. Anayetua uwanja wa changarawe usio na mnara huko Mara anadaiwa neno moja zaidi, kwamba amefika, na kusahau neno hilo kunaweza kuwatoa watu nyumbani wakatafute ndege iliyoegeshwa kivulini.

Mtandao wa simu ukikosekana, marubani wana njia yao. Aliye chini huita kwa redio yeyote anayepita juu, na aliye juu, ambaye huenda ni mtu wa kampuni nyingine anayeshindania abiria wale wale, huichukua taarifa, huirudia kuhakikisha, hubadilisha masafa na kuifikisha: ile Caravan ya asubuhi imetua, watu wote salama, ufunge mpango wake. Mwongozaji humshukuru kwa neno moja, huiondoa karatasi, na kumuuliza yeye mwenyewe anapitia wapi.